Samaki wa Starehe Huishia Chungu cha Nani?

Mtu apitaye ufukoni Raskazone siku ya Jumapili, jua likianza kupungua makali na maji yakijaa, atawaona watu waliosimama juu ya miamba, kila mmoja ameshika mshipi wake, wakiutazama ule uzi upoteleapo majini kana kwamba wangoja barua kutoka kwa ndugu wa mbali. Hao si wavuvi. Mvuvi wa Tanga saa hizo ama amelala, maana usiku ana safari ya kutoka na ngalawa yake kupita kisiwa cha Ulenge, ama yuko Deep Sea akitengeneza nyavu. Wale wa Raskazone ni makarani, mafundi wa bandarini, walimu, wenye maduka, madereva, na wazee waliostaafu kazi ya reli. Watu ambao ugali wa nyumbani kwao hautegemei ndoana. Huja baharini kwa kuwa wanapenda. Siku hizi twawaita wavuvi wa starehe, na jina hilo halina ubaya, maana aliyefanya kazi juma zima ana haki ya kustarehe.

Mwenye kutaka kuwajua watu hao zaidi na awaombe ruhusa achungulie ndoo zao. Katika ndoo moja ataona changu wawili, tasi watatu na pono mmoja, wala hakuna kingine. Katika ndoo ya pili mna kila kilichokubali kuvuta chambo: changu, taa mdogo, mkunga aliyejikunja kama kamba ya nanga, na pweza. Ndoo ya tatu ina samaki mmoja tu, hali mwenyewe amevua tangu saa tisa. Wengine wako wapi? Wako nyuma yake juu ya mwamba, hongwe wanne, wakifumba na kufumbua midomo juani mpaka wafe. Mwenye ndoo hali hongwe, na kuwashika ili awarudishe majini hataki, kwa sababu miiba yao ina sumu ichomayo. Saa kumi na mbili ataondoka, na paka watakuja.

Makala hii yawahusu hao hongwe wanne. Twajua kwamba wapo watakaosema hilo ni jambo dogo, na kwamba gazeti lina mambo makubwa ya kuandika. Lakini katika mji ambamo fungu la samaki sokoni laweza kumla kibarua sehemu kubwa ya ujira wake wa siku, chakula kilichotupwa juu ya jiwe si jambo dogo. Isitoshe, ukimwuliza yule bwana kwa nini amewatupa, hatakujibu kwa habari ya uvivu. Atakujibu kwa habari ya dini yake, au ya kwao alikozaliwa, au ya mama yake alivyopika. Kila mtu huja ufukoni na chungu cha kwao, ingawa hakionekani.

Tuanze na wenyeji. Wadigo, Wasegeju na watu wa Mtang'ata mpaka Pangani wamekula cha bahari tangu zama ambazo magofu ya Tongoni yalikuwa misikiti yenye watu. Waislamu wengi wa pwani hii hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwa madhehebu hayo karibu kila kiumbe aishiye baharini ni halali, awe na magamba au asiwe nayo, wala hahitaji kuchinjwa. Ndiyo maana mzee wa Tanga humchukua papa, taa, pweza na ngisi bila kusita. Papa akitiwa chumvi na kuanikwa huwa ng'onda, na mchuzi wa ng'onda uliotiwa nazi, ukaliwa kwa bada la muhogo, ni chakula ambacho Mtanga aliyehamia Dar es Salaam hukiota usiku. Mtu wa namna hiyo akimwona mwenzake anatupa hongwe, huona kama ametukanwa.

Lakini katika mji huo huo wamo Waislamu wengine ambao sheria yao ya samaki ni tofauti. Khoja Ithnaasheri na Bohora, ambao baba na babu zao walifungua maduka katika miji ya pwani hii, hawali samaki asiye na magamba. Papa, taa, hongwe, mkunga na pweza hawaingii nyumbani mwao. Ila kamba wanakubaliwa, kwa hukumu yao maalumu. Wasuni wafuatao madhehebu ya Imamu Hanafi nao wana neno lao: kwao kilicho halali cha bahari ni samaki, basi pweza hayumo, na juu ya kamba wanazuoni wao wamebishana kwa karne nyingi bila kumaliza. Haya yote si ubaguzi wa chakula wala maringo ya matajiri, kama tulivyosikia vijana wengine wakinong'ona. Ni fikihi, na ina vitabu vyake.

Sheria ya Ithnaasheri ina jambo moja lipasalo kujulikana na kila mtu wa mkoa huu. Kwao samaki huwa halali akitolewa majini yu hai. Aliyekufa ndani ya maji haliwi. Kwa miongo mingi bahari ya Tanga ilipigwa baruti, mpaka operesheni kali za serikali, hasa baada ya mwaka 2016, zilipoupunguza sana uovu huo. Samaki wa baruti hufa majini. Wengine huelea na wengi huzama wasionekane tena. Basi mwenye duka aliyekataa kununua changu laini asiyejulikana alivyokufa alikuwa akiitii dini yake, na bila kukusudia alikuwa pia akimnyima soko yule mharibifu wa miamba. Laiti sisi wengine tungalikuwa na masharti kama yake miaka hiyo.

Sasa tumtazame mwalimu kutoka Upare. Wamisionari wa Kisabato, Wajerumani, walifika Upare mwaka 1903, na tangu hapo familia nyingi za milima ile zimeshika sheria ya kitabu cha Walawi, sura ya kumi na moja, kwamba kiumbe wa majini aliwaye ni mwenye mapezi na magamba. Kwa hiyo mwalimu huyo na yule mwenye duka Mwithnaasheri, ambao hawajapata kuswali pamoja wala hawatapata, wangaliweza kula sahani moja ya changu na kuikataa kwa pamoja sahani ya papa. Wangetofautiana kwa kamba tu. Nimewahi kuwaona wawili wa namna hiyo wamesimama hatua kumi mmoja na mwenzake, kila mmoja akitupa asichokula, na kati yao ameketi mzee mmoja wa Kidigo ambaye angalishukuru kupewa vyote.

Wapo pia wasiokula samaki kabisa. Wahindu wengi, hasa wa asili ya Gujarati, hawagusi nyama wala samaki. Mmasai wa zamani hakumhesabu samaki kuwa chakula, na hata leo askari wa usiku wa Kimasai, ambao wamejaa katika miji ya pwani, wengi wao watakaa kando ya bahari miaka mitano wasionje hata dagaa. Hawa hawatusumbui, maana hawavui. Taabu ipo kwa yule avuaye kwa sababu ya kupenda kuvuta uzi, kisha akajiona na kitu mkononi asichojua kukifanya nini.

Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa namna hiyo. Nililelewa bara, katika nyumba ambamo samaki aliyejulikana ni wa kopo au mkavu. Samaki wa bahari nilianza kumla katika shule ya mapadre, siku za Ijumaa, nasi wanafunzi tulimhesabu kuwa ni sehemu ya toba, kwa jinsi mpishi alivyompika. Nilipokuja kufanya kazi Tanga nikanunua mshipi, ndoana na chubwi, nikaenda ufukoni kama wenzangu. Jumapili ya tatu nilipata samaki mnene, mwenye ngozi bila magamba ya kawaida na meno kama mdomo wa kasuku, ambaye nilipomtoa majini alivimba akawa kama mpira. Nilifurahi sana. Nilikuwa nimeshamtia mfukoni ili nimpeleke nyumbani, mzee aliyekuwa karibu akaniuliza, "Kijana, wampeleka wapi huyo?" Nikasema, "Shikamoo mzee, nampeleka kwa mama watoto." Akanyosha mkono akamchukua, akamtupa mbali baharini, akanawa mikono. "Huyo ni bunju," akasema. "Kwetu hapikwi hata kwa adui."

Sumu ya bunju hukaa hasa katika maini, mayai, matumbo na ngozi yake. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi. Aliyeila huanza kuhisi ganzi midomoni na katika ulimi, kisha viungo hulegea, na mwisho pumzi hukatika hali akili yake bado yafahamu. Dawa ya kuipinga haijapatikana, ila hospitali yaweza kumsaidia kupumua mpaka sumu iishe mwilini. Wajapani humla bunju kwa anasa, lakini kwao mpishi hana ruhusa ya kumwandaa bila mafunzo na cheti. Majirani zetu wa Pemba nao wamepata msiba wa aina yake: mwezi Machi mwaka 2024, katika kisiwa cha Panza, watu 9, wengi wao watoto, walifariki baada ya kula nyama ya kasa, ambaye mara nyingine hubeba sumu mwilini bila dalili yoyote ya nje. Kwa hiyo mgeni wa bara au wa maziwa makuu asione haya kuuliza. Yule mzee hakunicheka, na hata kama angenicheka, ningelikuwa hai wa kuchekwa.

Nimewataja watu wa maziwa, nao wana habari yao. Mtu aliyekulia Musoma au Bukoba hapendi kumwona samaki amekatwa kichwa kikatupwa. Kwake kichwa ni heshima ya mezani, na mchuzi bila kichwa ni maji ya moto. Akifika Tanga akaona watu wanapewa minofu mahotelini, huuliza mifupa imekwenda wapi. Anayo sababu ya kuuliza, kwa maana huko kwao habari ya samaki wa starehe imewahi kuwa habari ya nchi nzima. Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na miongoni mwa hoja za waliotaka aingizwe ilikuwa kwamba samaki huyo mkubwa, awezaye kupita kilo 100, angewapa Wazungu mchezo mzuri wa kuvua kwa fimbo. Mchezo huo ukawa msiba kwa furu, samaki wadogo wa aina mamia, ambao wengi wao wametoweka. Wenyeji mwanzoni hawakumpenda sangara kwa sababu ya mafuta yake. Walipokwisha kumzoea, viwanda vya minofu vilijengwa, na katika miaka ya 1990 mnofu ukapanda ndege kwenda Ulaya, mfanyakazi wa Mwanza akabaki na mapanki, yaani kichwa na uti wa mgongo. Ndugu zangu wa ziwani wakisikia neno mchezo likitajwa pamoja na samaki, hunyamaza kidogo kabla ya kucheka.

Na sasa tuwafikie Wazungu wenyewe, kwa maana wao wameleta katika pwani yetu desturi ambayo mzee wa Kidigo haielewi kabisa: kumvua samaki mzuri, mnono, asiye na sumu wala haramu, kisha kumwachia aende zake.

Ni kosa kudhani kwamba Wazungu wote wana desturi moja. Mwingereza avuaye katika mabwawa na mito ya kwao humpima samaki, humpiga picha, na humrudisha majini kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Katika mabwawa mengi huko kumpeleka nyumbani ni aibu na tena ni kosa. Mwaka 2004 Polandi ilipoingia Umoja wa Ulaya, wafanyakazi wengi wa nchi hiyo walikwenda Uingereza kutafuta riziki, na siku za mapumziko wakaenda mabwawani na fimbo zao. Kwa Mpolandi, samaki yule yule anenepaye mabwawani, ambaye Mwingereza humbusu na kumwachia, ndiye kitoweo cha mkesha wa Krismasi; nyumba isiyokuwa naye usiku ule haijasherehekea. Ugomvi ukazuka. Mabango ya kukataza kuchukua samaki yakabandikwa kwa Kiingereza na kwa lugha za wageni, na magazeti ya huko yakaandika juu ya wezi wa samaki. Wapolandi si watu tusiowajua: wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, waliishi kambini Tengeru karibu na Arusha, nao walikuwa wamekuja kwetu kwa njia ya njaa na uhamisho. Mtu wa kabila lililoonja njaa haelewi kwa urahisi kwa nini chakula kitiwe majini.

Mjerumani yu upande mwingine kabisa. Sheria ya nchi yake ya mwaka 1972 ya kuwalinda wanyama yakataza kumtia mnyama maumivu pasipo sababu ya maana. Kumla ni sababu ya maana; kumvuta kwa mchezo na kumwachia, kwa maoni ya mahakama na wenye mamlaka huko, aghalabu si sababu. Kabla ya kupewa leseni hufundishwa jinsi ya kumpiga samaki kichwani azimie, kisha amwue upesi. Kwa hiyo jambo ambalo Mwingereza husifiwa kwalo, Mjerumani aweza kushitakiwa kwalo. Waweke wawili hao katika mashua moja katika mkondo wa Pemba, pamoja na nahodha wa Tanga, na mashua ile itakuwa na sheria tatu kabla haijang'oa nanga.

Mkondo huo, kati ya kisiwa cha Pemba na bara yetu, una kina cha mamia ya mita, na wakati wa kaskazi hupita humo jodari, nguru, kolekole, na sulisuli pamoja na jamaa zake nduaro. Wageni hulipa fedha nyingi kwenda kurambaza humo, upande wetu na zaidi upande wa Shimoni nchini Kenya. Tangu mwaka 1990 liko shirika nchini Kenya ambalo huwapa wenye vyombo alama ndogo zenye nambari. Sulisuli akivuliwa huchomekwa alama mgongoni na kuachiwa, ili akivuliwa tena pengine ijulikane amesafiri wapi na amekua kiasi gani. Elimu hiyo ina faida, na sisi hatuipingi. Walakini yapo mambo mawili ambayo mgeni haambiwi.

La kwanza ni la mezani. Sulisuli aliyefukizwa moshi ni chakula cha fahari katika mahoteli ya Malindi na Mombasa. Basi mgeni aweza kumwachia sulisuli asubuhi kwa huruma, na usiku akaandaliwa sulisuli mwingine aliyenaswa na jarife la mvuvi maskini, asione kwamba pana jambo la kushangaza.

La pili ni la wafanyakazi, nalo ndilo lililonitia kuandika. Katika vyombo vya kukodi wamo mabaharia wawili watatu: mmoja wa usukani, mmoja wa kutia chambo, mmoja kijana wa kuosha sitaha. Kwa desturi ya pwani, anayetoka na chombo harudi nyumbani mikono mitupu. Hata mtoto aliyesaidia kuvuta ngalawa mchangani hupewa kitoweo chake. Kitoweo hakikuandikwa katika mkataba wowote, lakini mke wa baharia hukitegemea, na mwenye chombo, akiwa mjanja, hukihesabu moyoni anapopanga ujira kuwa mdogo. Sasa mgeni anaposema, "Mwachie," amemwachia samaki na pia ameuachia mshahara wa kijana yule uende majini. Kijana hucheka kwa adabu, hukata uzi, na moyoni humwombea mgeni samaki ajaye afe kabla ya kufika ubavuni mwa mashua.

Je, mgeni ana makosa? Hana. Ni kweli sulisuli wamo katika hatari ya kuvuliwa kupita kiasi katika Bahari ya Hindi. Je, kijana ana makosa? Naye hana. Mwenye kuulizwa ni yule aliyeufanya ulaji wa nyumba ya mfanyakazi utegemee kifo cha samaki ambaye wageni wameahidiwa kumwachia. Ujira wa baharia na ulipwe wote kwa fedha, kwa siku, samaki wapatikane wasipatikane; na habari ya nani atachukua nguru na jodari waliokufa isemwe kabla nanga haijang'olewa, mbele ya mgeni na mbele ya mabaharia, kwa lugha wanayoielewa wote. Twasikia kwamba wapo wenye vyombo wafanyao hivyo tayari. Kama ndivyo, tunawashukuru, na tungependa wengine wasingoje kuambiwa na afisa.

Tena isidhaniwe kwamba kila samaki aliyeachiwa huishi. Sulisuli avuliwaye juu juu ya maji kwa ndoana ya duara, ambayo humshika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa mpaka tumboni, mara nyingi huishi akiachiwa upesi bila kutolewa majini kwa ajili ya picha. Lakini changu au chewa aliyevutwa kutoka chini ni habari nyingine. Samaki hao wana kibofu cha hewa ndani yao. Katika kina cha mita 20 uzito wa maji na wa hewa ni mara tatu ya ule wa juu, basi samaki akivutwa haraka hewa ile hutanuka mara tatu. Macho humtoka, tumbo humtokea mdomoni. Ukimtupa majini huelea kichwa chini, na mwewe wa baharini humchukua mbele ya macho yako. Huyo hukumwokoa. Ama umle, ama umpe wa kumla, ama umshushe tena mpaka chini kwa uzi wenye chubwi zito, kama wafanyavyo wavuvi wa starehe wa Marekani na Australia siku hizi, na hata hivyo si kila mmoja atapona.

Chewa astahili neno lake peke yake. Aina nyingi za chewa huanza maisha kama majike, na baadhi yao wakikua sana hugeuka madume. Anayemtoa mwambani chewa mkubwa kuliko wote, ili apigwe naye picha, huenda amelitoa dume la pekee la mahali pale. Na wale wanene wa bahari kuu, papa na sulisuli na nduaro, hukusanya zebaki mwilini kwa kadiri wanavyozeeka, hata waganga huwashauri wanawake wenye mimba wasiwale. Kwa hiyo mzee wetu alaye kila kitu naye ana la kujifunza kutoka kwa wale achaguao nao kuwacheka: tasi mdogo wa mwambani ni salama kwa mkwewe mjamzito kuliko mnofu mnono wa papa.

Nirudi Raskazone, kwa maana huko hakuhitaji sheria mpya wala kamati. Anayejua kwamba hali hongwe anaweza kuuliza kabla ya kutupa mshipi ni nani jirani yake amlaye. Anayeogopa miiba anaweza kununua koleo kwa fundi, au akaukata uzi karibu na mdomo amwache samaki aende na ndoana, ambayo huoza kwa kutu baada ya muda. Juu ya mwamba si mahali pa samaki yeyote.

Jumapili iliyopita nilipita huko jioni. Mwalimu wa Kipare, ambaye Sabato yake ilikuwa imepita salama siku iliyotangulia, alikuwa amevuta hongwe wa nane katika siku iliyokataa changu. Hakumtupa. Alimning'iniza kwa uzi akamwita mzee, "Shikamoo baba, wa kwako huyu." Mzee akaitikia marahaba, akaja na kisu chake kidogo, akamkanyaga samaki mkia, akamkata mwiba wa mgongoni na ile miwili ya ubavuni, taratibu, kama anyofoaye vifungo vya shati. Akamtia katika ndoo. Kisha akachagua tasi mmoja miongoni mwa wake, aliyekuwa angali anapumua, akampa mwalimu. Mwalimu akasema ni mkubwa mno kwa hongwe mmoja. Mzee akamjibu kwamba wa kwanza alimpa Jumapili ya kabla ya hiyo, akarudi kukaa juu ya debe lake, kwa kuwa maji yalikuwa bado yanajaa.